Karani na Kompyuta Sita za Misheni

Jumatatu, tarehe 11 Agosti. Mawingu yalitanda tangu alfajiri na upepo ulikuwa wa baridi, lakini mvua haikunyesha.

Lori la misheni liliingia uwanja wa shule saa nne kasorobo, likiwa na watu tisa, jenereta moja, katoni kumi za sabuni ya kugawa, na kompyuta sita ndani ya maboksi yake. Karani alishuka wa mwisho. Alikataa kushuka kabla hajahesabu maboksi. Yalikuwa sita walipoondoka, yakawa sita walipofika, naye akatia alama ya vema kwenye daftari lake, ndipo akaanza kutafuta pa kuweka mguu.

Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, na ishirini na sita ya hiyo ameimalizia kwenye chumba kimoja nyuma ya kanisa la mjini: dirisha moja, kabati la chuma, na meza iliyotiwa karatasi iliyokunjwa chini ya mguu mmoja isiyumbe. Watu walimwita Mama Herufi. Alianzia kwenye mashine za taipu, zile za chuma ambazo mkizipiga watu wanane chumba kizima kinalia kama bati linalonyeshewa mvua ya mawe. Shangazi yake ndiye aliyempeleka chuoni. Alimwona mezani akigongagonga vidole wakati watu wanasali, akasema, "Huyu mtoto vidole vyake havitulii. Vitafutiwe kazi kabla havijajitafutia." Huko chuoni mwalimu aliwafunika mikono kwa kitambaa cheusi, mpaka kila kidole kijue chenyewe kinakokwenda. Mpaka leo akichapa haangalii chini. Huangalia karatasi, au huangalia mtu anayesema naye, na mikono inaendelea na safari yake.

Kwa miaka yote hiyo habari za waumini zilipita mikononi mwake kabla hazijafika madhabahuni: nani anafunga ndoa, nani ameomba msaada, nani amesimamishwa kwaya na kwa sababu gani. Hakuna hata moja iliyowahi kuponyoka. Wanakwaya walimtania kwamba kifua chake kina kufuli gumu kuliko la kabati lake. Ndiyo maana jambo alilolisema Jumatatu ile lilimshangaza yeye mwenyewe kuliko mtu mwingine yeyote.

Katika safari hii hakupangiwa kufundisha. Mwalimu wa kompyuta alikuwa Fundi, kijana mpole mwenye begi lililojaa nyaya. Karani kazi yake ilikuwa kuandika majina ya watoto na kuwachapia vyeti siku ya mwisho. Mwalimu mkuu alikuwa amechagua watoto ishirini na wanne, akawapa chumba kilichokuwa stoo ya majembe. Majembe yaliondolewa asubuhi ile ile, na harufu ya udongo ilikuwa bado imo. Watoto walikaa kwenye mabenchi wakitazama kompyuta zikitolewa moja moja na kuwekwa juu ya madawati. Hakuna aliyepiga kelele. Walikaa kimya kama watu walioingia nyumba ya mgeni na kuogopa kukanyaga mkeka.

Kimya hicho kilivunjwa na binti mmoja wa miaka kumi na moja hivi, ambaye hadi jioni msafara mzima ulikuwa umeshampa jina la Maswali.

"Zinakula nini?" aliuliza.

"Umeme," Karani akajibu.

"Hapa hakuna umeme."

"Tumekuja na jenereta."

"Na mkiondoka, jenereta inaondoka?"

"Hiyo tunawaachia."

"Na hizi?"

Karani aliwatazama wale watoto ishirini na wanne. Alikumbuka jinsi kompyuta zilivyoombewa kanisani Jumapili mbili zilizopita, na tangazo alilolichapa kwa mkono wake mwenyewe: kompyuta kwa ajili ya watoto wa kijijini. Akasema, "Hizi ni zenu. Zinabaki hapa."

Nusu saa baadaye jenereta ilikohoa mara tatu, ikatoa moshi mweusi, ikanyamaza.

Jioni, kiongozi wa msafara alimwita Karani pembeni ya lori. Alikuwa mtu wa makamo aliyetunza bohari maisha yake yote ya kazi, na wote walimwita Bwana Stoo. Hakuwa mkali. Alikuwa mtu wa kutaka kujua kila kitu kimewekwa wapi.

"Dada," alisema, "nani amekwambia zile mashine zinabaki?"

"Nimechapa tangazo mwenyewe, kaka."

"Tangazo limesema ni kwa ajili ya watoto. Halikusema zinalala wapi. Baraza halijaamua." Akashusha pumzi. "Mwaka jana tuliacha nne kwenye kijiji kingine. Tuliporudi baada ya miezi minne, moja imezuia dirisha lisipigwe na upepo, ya pili kuku analalia mayai juu yake, na hizo mbili hakuna aliyethubutu kuziwasha tangu siku tulipowapungia mkono. Sasa mzee wa baraza anakuja Jumamosi saa nne. Akiona watoto wanaweza kufanya jambo wenyewe, zinabaki. Akiona wanatazama tu, zinarudi kwenye lori, zinakwenda shule ya mjini."

"Mimi nimeshawaambia watoto."

"Ndiyo. Nimesikia. Mpaka mpishi amesikia." Akageuka kuondoka, kisha akarudi hatua moja. "Na yale maboksi yasiguswe. Yakichanika, barabara ile haitatuachia kioo hata kimoja."

Usiku ule Karani alisali kama kawaida yake, kwa kifupi na kwa mpangilio, familia kwanza, wagonjwa pili. Alipofika kwenye watoto alirudi akaanza upya kwenye familia. Miaka ishirini na sita hajatoa neno lisilo lake, na siku alipolitoa amelitoa kwa watoto.

Jumanne asubuhi Fundi alikuwa ameifungua jenereta na kuitandaza juu ya turubai.

"Mama, hii inahitaji kifaa kutoka mjini," alisema. "Nikipata usafiri leo, narudi keshokutwa. Pengine Ijumaa."

"Na watoto, mwanangu?"

Fundi alifuta mikono. "Kompyuta bila umeme ni kabati tu, mama. Waimbisheni nyimbo mpaka nirudi."

Karani alikwenda kwa mpishi, akaomba katoni za sabuni. Sabuni akaipanga vizuri kwenye gunia, katoni akazikata kwa kisu cha jikoni, vipande ishirini na vinne vyenye ukubwa wa kibodi. Akaweka kibodi halisi mbele yake na kuchora kila kibonye kwa kalamu ya wino mzito, kila herufi mahali pake. Kile kirefu cha chini akakiandika Nafasi. Kile chenye mshale unaotazama kushoto akachora mshale, na chini yake akaandika Futa. Kwenye F na J alichukua sindano, akapiga fundo dogo la uzi, kwa sababu kibodi ya kweli ina kinundu pale ili kidole kijue kimefika nyumbani. Alimaliza saa nane mchana. Vidole vilimuuma na mgongo ukagoma kunyooka, lakini vipande vilikuwa ishirini na vinne, akatia vema.

"Hii ni kompyuta ya sabuni," alisema Maswali alipopewa chake. Alikinusa. "Nikiandika vibaya inajiosha?"

Mabenchi yote yakacheka, na Karani naye akacheka, jambo ambalo wenzake wa ofisini wangelipa kiingilio kuliona.

Alifundisha kama alivyofundishwa. Hakuwa na kitambaa cheusi, basi kila mtoto alifunikwa mikono kwa sweta la jirani yake. Alitaja herufi, nao wakaitafuta gizani kwa kidole. Ila katoni haitoi herufi. Mtoto akikosea hakuna kinachomwambia. Kwa hiyo Karani akaweka sheria moja, akairudia mpaka ikawa kama wimbo: "Bonyeza, shikilia, ningoje." Mtoto alibonyeza na kuacha kidole pale pale, huku Karani akipita benchi hadi benchi, akifunua sweta moja moja kuona kama kidole kimetua panapostahili. Watoto walibonyeza kwa nguvu zote, kucha zikawa nyeupe, wasije wakateleza kabla mwalimu hajafika.

Jumatano walijua safu ya katikati. Alhamisi walijua zote, na Maswali alikuwa akitembea uwanjani akichapa hewani maneno ya kila mtu anayepita. Mwalimu mkuu alisimama mlangoni siku ile kwa muda mrefu, kisha akaomba kipande chake. Karani alimchorea cha ishirini na tano.

"Wanaweza," Karani alimwambia Bwana Stoo wakati wa chakula cha jioni.

"Wanaweza katoni," alijibu Bwana Stoo, kwa upole, akampitishia chumvi.

Fundi alirudi Ijumaa saa sita mchana, vumbi mpaka kwenye nyusi. Saa nane jenereta iliwaka. Kompyuta sita zilifumbua macho, na chumba cha majembe kikawa na mwanga wa buluu. Watoto wanne wanne walikaa mbele ya kila moja. Karani alisimama nyuma yao, mikono ameikunja kifuani, akasema, "Tuandike: Mungu ni mwema. Mikono nyumbani. Anza."

Watoto sita walioshika zamu walibonyeza. Walibonyeza kama walivyofundishwa, kwa nguvu, wakashikilia, wakageuza shingo kumtafuta mwalimu. Na kwenye skrini sita herufi moja ilianza kukimbia peke yake: mmmmmmmmmmmmmm, ikamaliza mstari, ikashuka wa pili, ikaendelea.

Mtoto mmoja aliruka kutoka kwenye kiti. "Mwalimu, imeharibika."

"Haijaharibika. Achia kidole."

Akaachia. Akabonyeza inayofuata, akashikilia. uuuuuuuuuuuuuuu.

Walijaribu saa nzima. Karani alisema achieni, wakaachia, kisha wakasahau, kwa kuwa vidole vilishajifunza na havikuwa vikisikiliza. Mpaka jenereta ilipozimwa ili ipumzike, hakuna aliyekuwa ameandika neno moja zima. Watoto walitoka bila kelele. Mmoja alisema, si kwa kejeli, "Ya sabuni ilikuwa nzuri kuliko hii."

Fundi alibaki akikunja nyaya. "Mama, usihuzunike. Kuna mahali pa kurekebisha. Naweza kuziambia zisirudie herufi hata mtu akilalia kibonye. Dakika tano tu. Kesho mzee wa baraza hatajua lolote."

Karani alikaa kwenye benchi. Lilikuwa jambo dogo, na halikuwa hata uongo wa kutamka kwa mdomo. Aliona Jumamosi ikipita salama na ahadi yake ikitimia. Kisha akamwona mtu mwingine, mwezi ujao, akizirudisha mashine zilivyokuwa, na watoto ishirini na wanne wakitazama herufi zinakimbia, hakuna wa kuwaambia kwa nini.

"Ziache kama zilivyo, mwanangu," alisema. "Mashine haina kosa. Mimi ndiye niliyewaambia washikilie."

"Sasa utafanyaje?"

"Sijui. Kesho njoo uwashe saa tatu na nusu."

Jumamosi saa moja asubuhi watoto walikuwa stoo, kila mmoja na katoni yake mapajani. Karani hakuwa amelala vizuri. Alikwenda jikoni akarudi na sufuria lililotoka motoni, amelibeba kwa vitambaa viwili, akaliweka juu ya dawati.

"Nani anaweza kugusa kifuniko bila kuungua?"

"Mimi," alisema Maswali.

"Gusa."

Binti alinyoosha kidole, akagusa, akakirudisha upesi kama ulimi wa mjusi. "Sijaungua."

"Kwa nini hujaungua?"

"Sijakaa."

"Basi kila kibonye ni kifuniko hicho. Kuanzia leo. Ile sheria yangu ya kushikilia ilikuwa makosa, nimeifuta. Na wote mje mguse, mmoja mmoja, ili kidole kikumbuke."

Walipanga mstari. Waligusa wote ishirini na wanne, na mwalimu mkuu naye. Kisha wakarudi kwenye katoni, wakagusa na kuruka, wakagusa na kuruka, na chumba kikajaa sauti ndogo ndogo kama kuku wanaodonoa.

Mzee wa baraza aliwasili saa nne kamili. Alikuwa mtu mrefu, mkaguzi wa shule mstaafu, mwenye mazoea ya kukaa nyuma ya darasa na kunyamaza. Alivua kofia, akaketi kwenye kigoda, akawaambia waendelee kana kwamba hayupo, jambo ambalo halikuwezekana.

Zamu ya kwanza ilianza. Kwenye mashine ya kwanza ikatokea Mungu ni mwema, safi. Ya pili ikaandika Munngu. Kwenye ya tatu mtoto alisahau, kidole kikakwama, na m zikatiririka nusu ya mstari. Akatoa mikono yote akaificha kwapani. Bwana Stoo, aliyesimama karibu na mlango, alitazama maboksi yaliyopangwa ukutani.

Karani alisogea mbele ya kigoda. Hakuzoea kusema bila kuulizwa.

"Mzee, kabla hujahukumu. Hizo herufi zinazokimbia ni kosa langu. Siku tatu niliwafundisha kwenye katoni, nikawaamuru washikilie kidole mpaka nipite. Wamefanya nilivyosema. Na kosa la pili, niliwaambia siku ya kwanza kwamba kompyuta zinabaki. Sikutumwa."

Mzee alimtazama. "Kwa hiyo mama umeshatufunga mikono."

"Nimejifunga mimi. Nimeona ni vizuri ulijue kwangu."

Wakati wanasema hayo, Maswali alikuwa ameingia kwenye kiti cha yule mtoto aliyeficha mikono. Hakuomba ruhusa. Alitazama zile m, akahesabu kwa midomo, kisha kidole chake cha mwisho kikapanda juu kulia, kikagusa na kuruka, kikagusa na kuruka. M moja ikapungua, na nyingine, na nyingine, mpaka ikabaki moja. Akamgeukia mwenzake. "Endelea. Imebaki yako."

Mtoto akatoa mikono kwapani, akaendelea.

Mzee wa baraza alisimama, akasogea mpaka nyuma yao. "Nani amekufundisha kufuta?"

"Hakuna," alisema Maswali. "Imeandikwa kwenye sabuni."

"Kwenye nini?"

Alimpa katoni yake. Mzee aliigeuza, akasoma upande wa pili habari za povu na manukato, akaigeuza tena, akapitisha kidole juu ya mafundo ya uzi.

"Na wewe una swali gani?" alimuuliza, maana binti alikuwa bado amesimama anamwangalia.

"Mkichukua kompyuta, na hizi za sabuni mtachukua?"

Mzee alicheka kwa pua. "Hizo ni zako?"

"Mwalimu amenipa."

"Basi hakuna anayechukua." Akamrudishia. Akamtazama Bwana Stoo. "Mwaka jana watoto wale kitu kikiharibika walinyoosha mkono wakamngoja mgeni. Ndicho kilichonisumbua mwaka mzima. Hawa hata wakikosea wanarudi kurekebisha." Kisha akamgeukia Karani. "Zinabaki. Lakini miezi mitatu ya kwanza mtu aje kila mwisho wa mwezi, aone kama kuku hajataga. Fundi ana shule yake."

"Nina siku za likizo," alisema Karani. "Huwa nazifulia mapazia."

"Mapazia yatasubiri," alisema mzee, akavaa kofia.

Zamu zote zilipita, n zikazidi hapa na pale, na watoto wakazifuta. Mchana Karani alichapa vyeti ishirini na vinne, na kimoja cha mwalimu mkuu, ambaye alikipokea kwa mikono miwili bila kutania.

Jumapili asubuhi lori lilipaswa kuondoka saa kumi na mbili na nusu ili liwahi ibada ya mjini. Karani aliamka kabla ya wote, akakunja shuka lake, akaenda stoo. Maboksi sita yalikuwa yamesimama ukutani vile vile, hayana mkwaruzo. Bwana Stoo alimkuta pale, ameweka boksi la kwanza chini na amelipigia magoti.

"Kaka, niazime kisu," alisema.

Bwana Stoo alisimama kidogo akiyatazama maboksi yake. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa kisu chake cha kukunja, akakifungua, akakijaribu kwa dole gumba. "Anzia kwenye mshono," alisema. "Hutapoteza kipande."

Akamshikia boksi, naye akakata. Kila boksi lilitoa vipande vinne vya kibodi kwa watoto ambao hawakuchaguliwa, na vingine vidogo vya kuchorea namba. Dereva alipiga honi. Karani aliinua mkono dirishani kumwonyesha asubiri, akavuta boksi la tano.